Kura ya Jirani Yangu

Mimi ndiye niliyewafundisha. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila habari ile inaposimuliwa, watu husema waliofanya kitendo walikuwa wahuni waliolipwa, watu waliotoka mbali. Hawakutoka mbali. Walikuwa wanne. Watatu nilikuwa nimewasomesha darasa la nne, na wa nne tulinyonya titi moja.

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Kikoneni, na siku za mapumziko nilikuwa miongoni mwa watu waliopita vijijini kuwaeleza wenzao namna ya kupiga kura. Tulipewa fulana, kofia, na karatasi zenye picha. Jumamosi moja, kama wiki tatu kabla ya siku yenyewe, niliwaita watu uwanjani pa shule. Wanawake waliketi mikekani, wanaume kwenye madawati tuliyoyatoa darasani. Nilipoona karatasi zile haziwaingii, nikazikunja, nikatoa mkobani korosho kumi na moja, nikazipanga juu ya meza.

"Hizi ni kura," nikawaambia. "Tuseme nchi nzima ina watu kumi na mmoja tu. Kuna masharti mengine ya kaunti, hayo tutayafikia. Lakini sharti kubwa ni hili: rais hapiti kwa kumzidi mwenzake tu. Lazima avuke nusu. Nusu, na kura moja juu yake. Sasa tazameni." Nikaweka sita huku na tano huku. "Huyu amepita. Amepitishwa na nini? Na hii moja."

Mdogo wangu alikuwa ameketi mbele kabisa, miguu ameitandaza. Alikuwa na miaka ishirini na minane wakati huo. Akanyoosha mkono, akaitwaa korosho ya sita, akaitia mdomoni akaitafuna.

"Na sasa, dada?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. "Sasa hakuna aliyevuka nusu," nikasema. "Ni tano kwa tano. Hapana rais. Nchi nzima yarudi foleni."

"Kwa korosho moja?"

"Kwa korosho moja."

Mzee mmoja akauliza watajuaje kama mtu amepiga kura mara mbili. Nikaeleza habari ya mashine: unaweka kidole, mashine inakutambua, jina lako na picha yako vinatokea. "Bila vidole haikujui," nikasema. Watu walikuwa wamekwisha anza kusimama, jua lilikuwa kali, na maneno yaliyofuata niliyasema wakijipangusa vumbi: kwamba mashine ikishindwa, mtu hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho chake. Sijui ni wangapi waliosikia hayo. Mdogo wangu hakuyasikia.

Nyuma ya wote, peke yake chini ya ukuta wa darasa, alikuwa ameketi jirani yetu. Ni mama wa bara, mjane, aliyeletwa huku na mumewe zaidi ya miaka thelathini iliyopita walipogawiwa shamba la makazi. Alilima mahindi na mbaazi, na asubuhi alikuwa akiuza mboga barabarani. Shamba lake limepakana na letu. Baba yetu, hadi siku alipokufa, alikuwa akisema shamba lile lilikuwa la babu yake na serikali ililigawa bila kumwuliza mtu. Mimi nililisikia neno hilo nikaliacha likapita. Mdogo wangu alilihifadhi. Alikuwa akifanya kazi hoteli moja kule Galu, akaachishwa, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana kutoka bara. Tangu hapo shamba na kazi yakawa jambo moja kichwani mwake, na jambo hilo likawa na uso wa yule mama, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Siku chache baadaye zilianza kuonekana karatasi zilizopigiliwa misumari kwenye minazi: wageni wapige kura kwao. Kisha mahindi ya jirani yangu yakafyekwa, safu kwa safu, yakiwa bado mabichi. Kisha mbuzi wake. Nilimkuta yule mama asubuhi amechuchumaa mbele ya mbuzi wake jike aliyekatwa mishipa ya miguu ya nyuma. Yule mnyama alikuwa hai bado, akijivuta kwa magoti ya mbele, akilia kama mtoto.

"Shikamoo, mama," nilisema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba, mwalimu. Niitie mtu wa kwenu amchinje, tafadhali. Nikimchinja mimi, majirani hawatakula."

Nilimwita mtu akamchinja. Hata hivyo hakuna aliyekuja kuchukua nyama.

Siku ya uchaguzi nilikwenda kituoni alfajiri, mara tu baada ya swala. Kituo kilikuwa shuleni kwetu, na chumba changu ndicho kile kile ninachofundishia. Nilipiga kura yangu mapema, nikatoka na wino kidoleni. Nilikuwa narudi nyumbani kwa njia ya kukatia mikoroshoni. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda. Nikasikia mtu anaguta. Kisha sauti ikakatika, kama iliyozibwa kwa kitambaa.

Nilikimbia. Walikuwa wamemlaza kifudifudi kwenye majani makavu. Wawili wamemkalia miguuni na mgongoni. Mmoja amesimama na panga. Mdogo wangu alikuwa amepiga goti juu ya kiwiko chake cha kulia, na kiganja cha yule mama kilikuwa kimetandazwa juu ya jiwe bapa. Mkononi alishika jiwe jingine, la ukubwa wa nazi. Alikuwa akilishusha bila pupa, kidole baada ya kidole, kama mtu anayebanja korosho.

Niliita jina lake. Akageuka, akanitazama, wala hakushtuka.

"Rudi nyumbani, dada."

"Unafanya nini? Huyu ni mama yako! Amekubeba mgongoni huyu!"

"Si wewe uliyesema? Ni kura moja. Basi hii hapa."

Akashusha tena. Nilisikia mfupa. Nilimrukia, nikamshika shingo, nikamwuma sikio mpaka nikaonja damu. Yule mwenye panga akanipiga kwa ubapa begani, nikaanguka, akanipiga tena mbavuni. Nikiwa chini pale niliona wakiugeuza mkono wa kushoto, wakavunja dole gumba na kidole cha shahada. Yule mama hakuwa akilia tena. Macho yake yalikuwa wazi, yamenielekea mimi.

"Yatosha," mdogo wangu akasema, akisimama na kujifuta mikono kwenye suruali. "Mashine haitamjua sasa."

Wakaondoka. Hawakukimbia. Walikwenda kwa mwendo wa watu waliomaliza palizi.

Nilimketisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa hauna umbo. Nilivua leso niliyojitanda nikaichana vipande viwili, nikamfunga mikono yote miwili, na leso ikalowa kabla sijafunga fundo.

"Twende Msambweni, mama. Nitatafuta pikipiki, twende hospitali."

"Kitambulisho kiko hapa kifuani," akasema. "Angalia kama wamechukua."

Nilitia mkono. Kilikuwepo.

"Basi nipeleke shule kwanza."

"Mama, unavuja damu."

"Mwalimu, nimesema nipeleke. Hospitali haifungwi saa kumi na moja."

Tulikwenda kwa miguu, amenielemea bega lile lile nililopigwa. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Ilipotuona, ikajifungua katikati kama nguo inayochanika. Hakuna aliyeuliza. Nadhani wengi walijua. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa buibui lake. Askari wa langoni alisogea mbele akamtazama, akasema atampeleka hospitali kwa gari lao. Yule mama akamjibu kwamba atashukuru sana, baadaye.

Afisa msimamizi wa chumba chetu alikuwa kijana mwembamba kutoka Matuga, shati lake limelowa jasho kwapani ingawa ilikuwa bado asubuhi. Karani alileta mashine. Nilifungua leso. Karani akatazama vile vidole, akageuka akatapika mlangoni. Hata hivyo walijaribu. Walijaribu kidole cha kati cha kushoto, kikiwa kizima lakini kimelowa damu na kimechakazwa na jembe miaka thelathini. Mashine ikakataa. Wakajaribu cha pete, kisha kile kidogo. Ikakataa.

Wakala mmoja wa chama, wa upande wangu mimi, akasimama. "Sheria ni mashine. Haikumtambua. Atoke."

"Sheria ina kifungu cha pili," afisa akasema. "Tutamtafuta kwa nambari ya kitambulisho. Mawakala wote mtatazama picha, na fomu itajazwa mbele yenu."

"Nitaandika malalamiko!"

"Andika. Kalamu ile pale."

Picha yake ikatokea kwenye mashine, mama aliyevaa kitambaa cha njano, amekaza uso. Hakuna aliyeweza kusema si yeye. Wakampa karatasi zake sita, moja kwa kila kiti. Akazitazama, akatazama mikono yake.

"Siwezi kushika kalamu," akasema.

"Una haki ya kusaidiwa na mtu unayemwamini," afisa akamweleza. "Yupo?"

Nilitazama sakafu. Mtu wake hakuwemo chumbani mle. Watoto wake wote walikuwa Mombasa na Nairobi, na wenzake wa kanisani walikuwa wamejifungia majumbani kwa hofu.

"Mwalimu," akasema.

Niliapishwa mbele ya wote. Niliapa nitatia alama pale atakaponiambia, na sitamwambia mtu alichochagua. Nimekitunza kiapo kile, na jina sitaliandika hapa. Nitasema hili tu, na Mungu anisamehe kama hata hili limezidi: hakuwa mtu wangu.

Tuliinama pamoja nyuma ya kile kisanduku cha kadibodi. Pumzi yake ilikuwa ya haraka, na damu ilidondoka kwenye sakafu ya darasa langu. Tulianza na karatasi ya urais. Akanionyesha kwa kidevu.

"Huyo."

Nilikuwa na kalamu. Yeye hakuwa na miwani, nilijua hakuwa nayo kwa sababu ilibaki imevunjika kule mikoroshoni. Angeona picha na alama, asingeona alama imekaa mraba gani. Nilikuwa nimepiga kura yangu saa moja kabla, na kura aliyotaka niipige sasa ingekuja kuifuta ile yangu kabisa, kama mtu anayejitoa mwenyewe kwenye hesabu. Nilimwonea huruma, lakini nilimtaka mtu wangu ashinde. Nilikuwa nimemngoja miaka mingi. Niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Ncha ya kalamu ilikuwa juu ya mraba wa mtu wangu, sikumbuki iliendaje huko. Lakini ilikuwa huko.

"Umeona, mwalimu?" akaninong'oneza. "Huyo wa chini."

"Nimeona, mama."

Nikashusha kalamu, nikatia alama pale aliponiambia. Mstari ulitoka umepinda, lakini ndani ya mraba. Tulipomaliza na zile tano nyingine, nilizikunja karatasi zote sita, nikazitumbukiza masandukuni moja baada ya nyingine, naye akitazama kila moja inavyoingia. Karani alimpaka wino kidole kidogo cha kushoto.

Kule Msambweni walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Vingine vilibaki, lakini havikunjiki. Alasiri ile ile, akiwa kitandani, askari alikuja na daftari kumwuliza ni nani waliomfanyia vile. Akageuza kichwa kwenye mto.

"Muulize mwalimu. Alikuwepo."

Askari akanigeukia. Nilikuwa na mbavu mbili zilizoatuka, na kila nilipovuta pumzi nilihisi kisu. Nilitaja majina matatu. Kisha nikasema, "Na mdogo wangu. Ndiye aliyeshika jiwe."

Asubuhi ya pili nilikwenda shuleni kuangalia matokeo, kwa kuwa fomu ya kila chumba hubandikwa mlangoni. Watu walikuwa wamesongamana mbele ya darasa langu. Mtu mmoja alikuwa akisoma kwa sauti. Katika chumba kile, kwenye kura za urais, mtu wetu alikuwa ameshindwa. Kwa moja.

"Moja!" yule msomaji akarudia. "Jamani, moja!"

Nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yangu. "Ile aliyoitia mwalimu kwa mkono wake. Na mdogo wake amemtia ndani!"

Nilikuwa sijui kama wamekwisha mkamata. Nilijulia pale. Jiwe la kwanza lilinipiga kwenye nyusi, na damu ikanifunga jicho. La pili lilinipiga kisogoni. Nilishika nguzo ya baraza nisianguke, mtu akanipiga teke la goti nikaanguka. Walinipiga kwa viatu, kwa fimbo, na kwa mguu wa dawati. Niliwasikia wakihesabu, wallahi walikuwa wakihesabu: "Moja! Moja! Moja!" Kila pigo ni moja. Walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu.

Kitu kizito na chenye joto kikaniangukia. Nilidhani ni wao wamenikalia waniue. Kisha nikanusa udi na mafuta ya nazi, nikajua ni mama yangu. Alikuwa amejitupa juu yangu, mwanamke wa miaka sabini, amenifunika kichwa kwa kifua chake.

"Mpigeni mimi kwanza!" alikuwa akipiga kelele. "Niliyemzaa ni mimi, mpigeni mimi!"

Fimbo mbili tatu zilimpata kabla hawajamwona ni nani. Ndipo wakaacha, mmoja mmoja, wakarudi nyuma. Mama alininyanyua akanipeleka nyumbani, akanichemshia maji, akaniosha damu kama mtoto mchanga. Alikuwa akilia na kuwalaani. Aliniuliza kwa nini wanasema mdogo wangu amekamatwa kwa sababu yangu.

Nikamwambia.

Kitambaa kilisimama usoni pangu. Akakirudisha beseni, akakikamua, akakianika mlangoni.

"Ningelijua asubuhi," akasema, "nisingelilala juu yako."

Akaingia chumbani mwake. Kwa muda wa miezi minane hakunisemesha neno ila salamu, na hiyo kwa kuwa salamu ni ya Mungu.

Siku zile za kungoja matokeo ya nchi, redio haikuzimwa katika nyumba yoyote. Watu walikuwa wakigawanya na kujumlisha kwenye simu zao, huyu amevuka nusu, hapana hajavuka, bado kidogo. Ukunda matairi yalichomwa, na duka la watu wa bara karibu na steji ya matatu likavunjwa likabaki mbao. Hatimaye mmoja akatangazwa, amevuka nusu kwa kiasi chembamba mno hata wengine hawajakubali mpaka leo. Haikuwa kwa kura moja. Lakini ilikuwa karibu kiasi kwamba kila mtu aliyelala nyumbani siku ile alijiuliza.

Kesi ilisikizwa Kwale. Nilisimama kizimbani nikaeleza yote, na mdogo wangu alinitazama wakati wote, kovu la meno yangu likionekana sikioni. Alipewa miaka mitatu. Wale wengine walipewa pungufu. Jirani yangu aliitwa aseme anachotaka afanyiwe. Alisema anataka mahindi yake yasikatwe tena, akaketi.

Hakuhama. Mwaka uliofuata alipanda kwa mkono wa kushoto, akitumbukiza mbegu kwa vidole vitatu, na wanawe walimlipia mtu wa kulima. Nilikwenda kumsaidia kuvuna. Siku moja nilimwuliza kwa nini aliniamini mle chumbani, baada ya kuona ni ndugu yangu aliyemvunja.

"Sikukuamini," akasema. "Lakini wewe ndiye uliyesema kila mmoja ahesabiwe. Nikasema nione kama ni kweli."

Mdogo wangu aliachiliwa mwaka jana. Mama alipika wali wa nazi na samaki, akatandika mkeka mmoja, akatuketisha sote watatu pale pale. Mdogo wangu alikuwa amekonda, na nywele zimeanza kuwa nyeupe upande mmoja. Tulipokuwa tunanawa, akaniuliza bila kuinua macho:

"Ulikuwa na kalamu mkononi. Ungelitia pa mtu wetu, nani angelijua?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. Akajifuta mikono, akamwambia mama anakwenda Ukunda kutafuta kibarua cha ujenzi. Njia fupi ya kwenda barabarani inapita mbele ya lango la jirani yetu. Nilisimama ukumbini nikamtazama. Alifika kwenye njia panda, akasita, kisha akashika ile ndefu inayozunguka nyuma ya msikiti. Mpaka leo huipita hiyo, hata siku za mvua.